Bati la Saba

Manyoni, nyuma ya ghala
Jumapili, alasiri

Binti yangu Raheli,

Shangazi yako Miriamu amekupa barua hii ukiwa umeshaketi kwenye behewa asubuhi hii ya Jumatatu, kwa sababu nilimwapisha asikupe mapema. Usimkasirikie. Treni husimama hapa muda mrefu ikinywa maji, nawe husoma haraka kuliko waliokufundisha, kwa hiyo muda utatosha. Mimi nipo hapo nje, nimesimama karibu na Mzee Nasoro, nimevaa ile kofia unayoichukia. Nakuomba usiniite dirishani kabla hujafika mwisho. Nikiuona uso wako katikati ya maneno haya nitakimbilia nyuma ya ghala kama mwizi, najijua.

Saa hii ninapoandika wewe uko kanisani, wanakwaya wanakuaga na nawasikia mpaka hapa. Shangazi yako anakaanga maandazi ya safari, mengi kana kwamba Dodoma hakuna chakula. Nimekaa juu ya debe la rangi nililolipindua, karatasi iko gotini. Mambo ya kuchemsha maji, ya kufunga hela kwenye upindo wa kanga, ya kutolala karibu na mlango wa behewa, hayo shangazi yako atakuambia, tena atakuambia mara tatu. Mimi nina jambo moja tu, nalo liko juu ya paa.

Paa hili la Mzee Nasoro unalijua tangu unafumbua macho. Umekulia katika chumba cha nyuma ya ghala hili, kati ya harufu ya ngozi na harufu ya nta, na mwaka ule mama yako alipofariki ukawa unashinda chini ya ngazi yangu. Kila mwaka baada ya mavuno umeniona nikilikwangua, kila mwaka umeniona nikilipaka rangi nyekundu, na kila mwaka mvua zikija umeiona rangi ikibanduka na kuanguka uani vipande vipande. Umekua ukidhani hiyo ndiyo tabia ya bati lile. Manyoni nzima inadhani hivyo, na wengine huja kuniuliza mimi habari zake kana kwamba ni ng'ombe mwenye wazimu. Bati halina tabia yoyote, mwanangu. Lina mimi.

Nitaanza mwanzo.

Nilitoka kwetu Misigiri nikiwa kijana nisiyetaka kulima. Nikamfuata fundi mmoja mtu wa pwani, jina lake Mabruki, aliyekuwa akipaka rangi majengo ya kando ya reli. Alikuwa mkali, mdomo wake ukinuka tumbaku, na alinifundisha bati kabla hajanifundisha brashi. Aliniambia hivi: bati jipya ni zuri mno, na uzuri wake ndio ubaya wake. Linang'aa, linateleza, tena limepakwa mafuta huko kiwandani lisiharibike melini. Rangi ukiiweka juu ya mng'ao ule inakaa kama mgeni mlangoni, haingii ndani. Kwa hiyo liache mvua mbili lichakae lenyewe. Kama huwezi kungoja, lioshe kwa siki, bati kwa bati, usugue kwa tambara mpaka mng'ao ufe na rangi yake iwe ya majivu. Lisuuze kwa maji mengi, likauke kabisa. Hapo ndipo uweke rangi ya chini, nyepesi, na ikishakauka uweke nyekundu.

Maneno haya unayajua. Nilikuwa nakusimulia chini ya ngazi kama wengine wanavyosimulia watoto wao hadithi za sungura, kwa kuwa sikuwa na hadithi nyingine.

Basi mwaka uliozaliwa wewe, Mzee Nasoro alijenga ghala hili. Mabati yalishuka kwenye treni yakiwa mapya, yanaumiza macho. Mzee alikuwa anamwoza binti yake, wageni wangetoka Singida na Tabora, naye akataka watakaposhuka stesheni waone paa jekundu. Akaniita mimi. Nilimwambia kazi ya siki itachukua siku nyingi. Akasema, "Zakaria, fanya unavyojua wewe fundi. Mimi sijui bati, najua ngozi." Akaagiza siki, chupa kubwa zilizofungwa kwa nyasi, akaziweka mbele yangu.

Lakini mimi nilikuwa na haraka yangu mwenyewe, Raheli, na hiyo sijawahi kumwambia mtu ila mama yako. Kundi la wapaka rangi wa reli lilikuwa linaondoka kwenda Tabora na kuendelea mpaka ziwani, na msimamizi wao alikuwa ameahidi kunichukua. Ningemchukua mama yako nawe mgongoni mwake, tungekwenda tukaone miji. Walikuwa waondoke baada ya siku kumi. Siki, kusuuza, kukausha, rangi ya chini na ya juu, vyote kwa uangalifu, vingekula siku ishirini.

Nikapaka rangi juu ya mng'ao. Sikuosha hata bati moja. Na ili Mzee asishangae kuona siki imebaki, nilizibeba chupa zile nikazimwaga nyuma ya choo. Majani yote ya pale yalikauka. Mama yako aliyaona, akaniuliza, "Baba Raheli, umefanya nini?" Nikamwambia nyamaza, tunakwenda Tabora.

Paa lilipendeza. Wageni walishuka wakalisifu, harusi ikachezwa, nami nikafunga mizigo. Siku ya tisa msimamizi akaleta habari kwamba safari yao imesogezwa mbele, wataondoka baada ya mvua za kwanza. Nikasema si neno, nitangoja.

Mvua za kwanza zilikuja usiku na mchana siku tatu. Siku ya nne jua likatoka kali, na rangi ikaanza kubanduka kama ganda la kiazi kitamu kilichochemshwa. Ukishika pembe moja, kipande kizima kinakuja mkononi, na chini yake bati linang'aa lile lile kama lilivyoshuka kwenye treni. Mzee Nasoro alisimama uani kaokota kipande, anakigeuzageuza. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira, labda ningesema kweli, maana mimi mtu akinifokea huwa najibu. Aliniuliza kwa upole tu, "Zakaria mwanangu, hiki ni nini?"

Nikamwambia, "Mzee, ni hili bati. Shehena hii ina kasoro. Siki nimepaka yote, umeziona chupa, lakini bati linakataa. Bati la namna hii linataka kutunzwa kila mwaka, tena na mtu anayelijua."

Nilidhani nimejiokoa. Mzee akafikiri, akanishika bega, akasema, "Basi nani analijua kuliko wewe? Usiende huko Tabora. Kaa hapa na mkeo, nitakupa chumba cha nyuma, utakuwa fundi wa ghala langu." Akasema tena, "Mungu amekuleta."

Ningejibu nini? Ningesema siwezi kukaa, angetafuta fundi mwingine. Fundi mwingine angepanda ngazi, angeshika bati kwa kidole, angejua kabla hajafika juu kwamba halijaonja siki. Nikasema, "Asante, Mzee." Kundi la reli likaondoka bila mimi. Nilikuwa juu ya ngazi treni yao ilipopita, na mmoja wao akanipungia brashi.

Miaka kumi na tisa nimekuwa juu ya ngazi ile treni zikipita. Utasema mbona sikulitengeneza baadaye. Nilikuwa najua la kufanya, hilo ndilo linaloniuma. Ningelikwangua lote mpaka likawa tupu, nikaliacha mvua moja, nikaliosha, nikaanza upya. Lakini lingeshika. Unaelewa? Lingeshika, na Mzee angesema, "Zakaria, mbona kasoro imekwisha?" Kwa hiyo kila mwaka nilikwangua nusunusu, nikapaka rangi mpya juu ya mabaki ya ile mbovu, nikijua mvua itaivua tena. Nilikuwa fundi ninayejitahidi kazi yangu isifae. Ilipokuja ile vita kubwa Mzee alitaka kubadilisha mabati yote kwa gharama yake mwenyewe, akaambiwa bati halipatikani, lote limekwenda vitani. Alisikitika sana. Mimi nilifurahi, halafu nikaona haya kwa kufurahi, halafu nikapanda ngazi.

Mzee hakunifunga kamba. Nakuambia ili usije ukamchukia. Alimzika mama yako kama anamzika ndugu, ingawa sisi ni watu wa kanisani na yeye ni mtu wa msikitini. Aliponunua kitabu kwa ajili ya wajukuu wake alinunua na chako. Kila jema alilotufanyia lilikuwa msumari mwingine kwenye mlango wangu, kwa sababu ni vigumu mno kumwambia mtu mwema kwamba umemdanganya tangu siku ya kwanza. Kila mwaka uliopita uliufanya uongo uwe mkubwa zaidi. Mwaka wa kwanza ilikuwa kosa la fundi kijana. Mwaka wa kumi ilikuwa nini? Sina jina lake.

Sasa nafika kwako.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilishikwa na homa katikati ya kazi, nikalala siku sita sijui mchana wala usiku. Nilikuwa nimekwisha kukwangua na kupaka upande wote wa reli, ila mabati saba ya mwisho, ambayo mvua ziliyavua rangi yote, yakabaki tupu kabisa, hayana hata doa. Wewe hukwenda shule. Ulinipa uji, ukanifuta jasho, na katikati ya hayo, bila kumwambia mtu, ukapanda ngazi.

Siki haikuwepo. Ukaloweka ukwaju kwenye debe, ukwaju wa kuchemshia uji, ukasugua mabati yale saba kwa gunia mpaka yakafa mng'ao. Ukachota maji kule kisimani, debe kwa debe, ukayasuuza. Ukangoja yakauke. Ukaweka rangi ya chini, nyepesi, kisha nyekundu. Kila neno la Fundi Mabruki nililokusimulia, ulilifanya. Nilipopata nafuu ulinionyesha kutoka chini, mikono nyuma, unajifanya hujali. Nikakuambia, "Haya." Sikukuambia zaidi ya hapo, maana nilikwisha kuona kitakachotokea.

Mvua zilipokuja paa zima likabanduka, isipokuwa mabati yako saba. Yalikaa mekundu, laini, kama yamezaliwa hivyo. Kila aliyepita relini angeweza kuona. Mzee Nasoro alikuwa amekwenda Singida, angerudi baada ya siku kumi.

Nilipanda nikakaa juu ya paa, nikayatazama. Fundi aliyefundishwa na Mabruki, mwenye nywele zinazoanza mvi, ameshindwa na mtoto mwenye debe la ukwaju. Nisingesema nilikuwa na haya tu. Nilijivuna, Raheli. Nilipitisha mkono juu yake bati kwa bati, yote saba. Kisha nikashika brashi ya waya nikaanza kuyakwangua.

Hayakukubali. Rangi mbovu huondoka kwa kikwangulio, kwa dakika, unaimba. Hiyo yako niliisugua siku mbili, asubuhi hadi jioni, wewe ukiwa shule. Mikono ilitoka damu. Nikamaliza sita. La saba nilipoliwekea brashi mkono ulikataa. Sijui niseme vipi, ila ulikataa. Nikalitia madoa kwa ncha ya kisu, huku na huku, lifanane na wenzake kwa mtu anayetazama kutoka chini, nikashuka. Uliporudi ukauliza mabati yako yako wapi. Nikakuambia, "Yalianza kubanduka, nimeyaondoa." Ulinitazama. Ulikuwa umeyaona mazima asubuhi ya Jumapili.

Mzee aliporudi akaona paa limezidi kuwa baya, na wapagazi wa stesheni walikuwa wamekwisha kumwambia. Si kwamba mabati yameshika, hilo hawakulitilia maanani. Walimwambia kwamba mtoto wa kike alikuwa juu ya paa na brashi. Unajua kwetu. Juu ya paa la udongo la tembe mwanamke hupanda akaanika mboga, hakuna anayeguna. Lakini paa linaloezekwa au kutengenezwa ni la wanaume, na wazee wa kwetu husema mwanamke akilitia mkono nyumba haitatulia. Mzee mwenyewe ni mtu wa mjini, hakuyaamini sana hayo. Akaniuliza tu, mbele ya wapagazi na mpima mizani, "Zakaria, ni kweli mtoto alipanda?"

Ningeweza kusema: alipanda, na mabati yake yalishika, na yangu hayajawahi kushika, sasa nikueleze kwa nini. Maneno yalikuwepo mdomoni. Nikasema, "Ni kweli, Mzee. Nilikuwa mgonjwa, mtoto wa kike akapanda paa bila ruhusa yangu. Ndiyo maana mwaka huu bati limezidi kukataa."

Wapagazi wakatikisa vichwa, wameridhika. Wewe ulikuwa mlangoni na ndoo. Ukasema, si kwa kulia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, yangu yalishika."

Nami nikasema, "Nyamaza. Wewe huna mkono wa kazi."

Tangu siku ile walikuita Mpanda Bati. Ulipokuwa msichana na watu wa Misigiri wakaja kuuliza habari zako kwa ajili ya kijana wao, shangazi zao waliuliza kwanza habari ya paa, wakarudi kwao. Uliniambia hujali, na pengine kweli hukujali, alikuwa na masikio makubwa yule kijana. Lakini nimekuona kwa miaka minane. Hukushika brashi tena. Chumba chetu kikipakwa chokaa unatoka nje. Ukishona kitu kikapendeza unakificha kabla sijakiona. Hata habari ya kusomea uuguzi ulinieleza majibu yalipokwisha kuja, hukuniomba, uliniarifu. Nilijua kwa nini. Mtu akishaambiwa na baba yake kwamba hana mkono, hampelekei tena mikono yake aitazame.

Ningependa kukuandikia kwamba nilisema vile ili kukulinda, kwamba Mzee angejua una mkono angekushika nawe ukae na bati lake maisha yako yote. Nimejiambia hivyo mara nyingi juu ya ngazi, na kwa kweli husikika vizuri. Ni uongo. Nilikuwa najilinda mimi. Kwamba leo unaondoka na mimi nabaki ni kazi yako, si yangu.

Na bati la saba? Lipo. Kila mwaka nilipokwangua mengine nililiacha, nikalipaka rangi mpya juu lifanane nayo. Kila mvua zilipoanza kuyavua mengine nilipanda na kisu nikalitia madoa. Miaka minane nimelijeruhi kwa juu, na chini yake rangi yako haijaachia hata ukucha. Nikikaa pale juu huwa nakaa karibu nalo. Sijui kama hilo linakufariji au linakuongezea hasira. Yote mawili nayakubali.

Ningeendelea hivyo mpaka nife, nakuambia kweli, maana mtu hulizoea hata gereza akijua vizuri mahali pa kulala. Lakini Alhamisi alikuja Mzee Nasoro. Amezeeka, unajua, ila macho yake ya mbali bado mazima. Alikuja na ile kanga mpya iliyo juu ya sanduku lako. Akaketi kwenye kiti changu, akapumua, akasema, "Zakaria, mpe Raheli hii. Umwambie asiende na uzito moyoni. Lile la paa nimekwisha kumsamehe, alikuwa mtoto."

Amekusamehe. Miaka minane amekaa nalo, maskini, na amekuja na fimbo yake kwa jua lile kukusamehe kosa ambalo hukulifanya, na mimi ndiye wa kukuletea msamaha huo mkononi. Nilisema, "Asante, Mzee." Maneno yale yale niliyosema siku aliyonipa chumba. Nilipoyasikia yakitoka nikajua kwamba hakuna mwaka utakaokuja kunitoa. Nilikuwa nangoja nini? Nilikuwa nangoja bati lioze.

Kanga ni nzuri, vaa ukipenda. Lakini usiichukue kama msamaha. Huna deni naye, na mimi huna la kunishukuru.

Ijumaa na jana umeniona juu ya paa, ukadhani ni kazi ya kila mwaka. Nimekwangua mabati yote ila moja. Safari hii si nusunusu, nimekwangua mpaka tupu, kijivu mwanzo hadi mwisho. Nitayaacha yanyeshewe. Kama Mzee ataniruhusu nitayaosha kwa siki ya kweli, na kama hataniruhusu, fundi mwingine ayaoshe, na aniambie anachofikiri juu yangu. Chumba hiki ni cha fundi wa ghala. Huenda Jumatano sina chumba. Miguu yangu haitaki tena safari, na Tabora sasa ningekwenda kufanya nini? Sitegemei kutoka Manyoni. Hilo lisikurudishe. Nakusihi, chochote utakachosikia juu yangu, usirudi kwa kunihurumia. Maliza kwanza.

Na huko wodini unakokwenda, siku moja utakosea. Utampa mtu dawa ya mwenzake, au utasahau jambo. Litakuwa kosa dogo siku hiyo. Liseme siku hiyo hiyo, Raheli, mdomo ukiwa mkavu, mbele ya yeyote atakayekuwepo. Sikuambii kwa kuwa mimi ni mwema. Nakuambia kwa kuwa najua bei ya kungoja, na wewe ulisaidia kuilipa.

Kwaya imenyamaza. Utakuwa njiani unarudi, nami lazima niikunje karatasi hii kabla hujanikuta nimeshika kalamu badala ya brashi, ukaanza kuuliza.

Kama umefika hapa na treni haijaondoka, inua macho sasa, upande wa ghala. Paa lote ni kijivu. Bati la saba kutoka mwisho ni jekundu. Sikulikwangua safari hii, madoa yake yote nimeyaziba, na kila mtu aliyesimama stesheni asubuhi hii analiona. Mzee Nasoro analiona. Kama anaelekeza kwa fimbo yake, ananiuliza ni kwa nini moja limeshika.

Namjibu. Namwambia ni bati la Raheli, na kwamba siku ile mlangoni ulisema kweli.

Baba yako,
Zakaria